Baba amemtenga mdogo wangu kwa ajili ya fulana ya kijani

Swali: Assalamu alaykum. Sisi ni watu wa Chake Chake, Pemba. Babu mzaa mama ni mtu wa Donge, Unguja, alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi na mpaka leo ni CCM, chama tawala. Baba ni mtu wa Mtambwe, hapa Pemba. Aliingia CUF, chama cha upinzani, mwaka 1992, Wete Januari 2001 alikuwepo, na mwaka 2019 akahamia ACT-Wazalendo pamoja na wenzake. Mdogo wangu ana miaka 26, kamaliza chuo, na tangu Ramadhani ya mwaka huu wa 2025, mwaka wa uchaguzi, anafuatana na vijana wa CCM. Mwezi uliopita alipita nyumbani na fulana ya kijani, rangi ya chama hicho. Baba akasema mbele ya watu: "Siku atakayoingia humu na nguo ile, mama yenu kaachika." Kamtoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, salamu yake haiitikii, anasema atamnyima radhi na urithi, na ndoa ya kijana wiki ya tatu ya Oktoba hatoisimamia. Babu naye anampigia simu mjukuu wake kumpongeza. Mama hali chakula. Mimi ndiye mkubwa, mwanamke wa miaka 31. Nianzie wapi?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Anzia kwenye talaka. Mengine yote uliyoyaandika yanaweza kungoja wiki mbili, hilo halingoji hata siku moja.

Baba yako ametundika talaka kwa sharti. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata sisi wengi hapa Visiwani, talaka iliyofungwa kwa sharti huanguka sharti linapotimia, na mwenye kuitundika haitungui kwa kusema tu kwamba alikuwa na hasira. Wako wanavyuoni wanaotazama nia: ikiwa mume alikusudia kutisha na kuzuia tu, wao huihesabu kama kiapo chenye kafara. Lakini hilo si la kuamuliwa na wewe, wala na mimi, wala na rafiki wa baba barazani. Ni la Kadhi. Kwa hiyo leo hii mwambie mdogo wako asiingie nyumbani na nguo ile, si mwilini wala mkobani. Wala asijaribu kubishana kwamba fulana mpya si "ile" iliyosemwa. Mwambie waziwazi kuwa ameshikilia ndoa ya mama yake mikononi. Vijana wengi hawalioni hilo mpaka waelezwe kwa maneno hayohayo.

Kisha kusanya mambo manne kabla ya kwenda kwa Kadhi wa Wilaya hapo Chake Chake au Ofisi ya Mufti. La kwanza, maneno yenyewe, neno kwa neno, kama yalivyotoka, maana "kuingia akiwa ameivaa" na "kuingia nayo" ni masharti mawili tofauti. La pili, nani alisikia. La tatu, kama alitaja idadi: aliposema "kaachika" aliongeza "tatu" au hakuongeza. La nne, kama kuna talaka nyingine iliyotangulia baina ya wazee wenu, hata ya miaka 20 iliyopita ambayo nyinyi watoto hamkuambiwa. Hilo la nne mama peke yake ndiye atakayekwambia, na muulize faraghani. Ikiwa sharti limeshatimia bila nyinyi kujua, na ikawa ni talaka ya kwanza au ya pili, mume ana haki ya kumrejea mkewe ndani ya eda, yaani muda wa mwanamke kungoja baada ya talaka, ambao kwa Shafii ni tohara tatu (vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi), au miezi mitatu kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Kumrejea ni kwa kutamka, "nimekurejea," na vizuri wawepo mashahidi wawili. Eda ikipita, itabidi ndoa mpya na mahari mapya. Mara nyingi kinachoharibika ni ukimya: watu wanaona aibu kwenda kwa Kadhi kwa jambo la fulana, wanakaa miezi minne wakiishi pamoja, kisha wanagundua kuwa eda imepita na watoto wazima ndio wa kuwaambia wazazi wao waoane upya.

Aende nani? Baba mwenyewe ndiye mwenye kauli, na Kadhi atataka kumsikia. Wewe usimpeleke. Ampeleke dada yake, yaani shangazi yako, au kaka yake mkubwa. Nitarudi kwa watu hawa, maana ndio watakaobeba kazi kubwa.

Sasa nije kwenye radhi na urithi, kwa sababu vitisho hivi viwili vinasemwa sana majumbani miezi hii na vinawatia watu hofu isiyo na msingi. Baba hawezi kumnyima mtoto urithi kwa sababu ya chama. Mafungu ya mirathi yamewekwa, na mtoto Muislamu anarithi awe kijani ya CCM au zambarau ya ACT. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na hauwi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Anachoweza baba ni kugawa mali yake kwa hiba, yaani zawadi, akiwa hai na mwenye akili timamu. Hapo napo kuna hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambayo takriban kila imamu wa Pemba ameisomesha, inayomtaka mzazi awe muadilifu baina ya watoto wake katika kutoa. Mwachie imamu aisome. Ikisomwa na wewe, itasikika kama unadai shamba.

Radhi ni mlango mwingine. Hapo usimjibu baba kwa kitabu, maana mzazi anaposema "nitakunyima radhi" mara nyingi anasema "nimeumia na sina neno jingine". Mdogo wako aende kumwomba radhi kwa namna alivyomuumiza: kumpitishia fulana mbele ya wageni wake bila kumwambia kabla. Chama asikiombee radhi. Akikiombea, ama atakuwa anasema uongo, ama atakuwa amekubali kwamba kura yake ni ya baba. Maneno yawe machache: "Baba, nimekukosea adabu mbele ya watu. Nisamehe." Akae kimya. Asiongeze "lakini". Neno "lakini" hapo limeharibu suluhu nyingi kuliko matusi.

Kabla hujampeleka mtu yeyote kwa mtu yeyote, kaa na karatasi ufanye hesabu ya miaka. Ni kazi ya nusu saa na ndiyo itakayokuonyesha mnagombania nini hasa. Andika jina la kila mtu, mwaka aliozaliwa, kisha uandike nchi ilikuwa katika hali gani alipokuwa na umri wa miaka 15 hadi 30. Huo ndio umri ambao siasa humwingia mtu na kukaa.

Babu yako, kama alizaliwa kati ya 1940 na 1945, alikua katika zile tunazoziita zama za siasa. Uchaguzi wa 1957, wa Januari 1961, wa Juni 1961 uliomwaga damu Unguja, na wa Julai 1963. Wakulima wa kukaa katika mashamba ya watu walifukuzwa kwa sababu ya chama, watu wakasusiana maduka na magari ya abiria, ndugu wakaacha kuzikana. Mwaka 1963 ASP, chama kilichokuja kuungana na TANU kuwa CCM, ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti vingi vikaenda kwa vyama vya ZNP (Hizbu) na ZPPP, vikaunda serikali. Kisha Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na baada yake eka tatu, skuli bila ada, hospitali bila malipo. Kwa babu, chama ndicho kilichompa ardhi ya kusimama mtu asiyekuwa na ardhi. Ukimwambia kuwa CCM ni chama tu kama vyama vingine, unamwambia ile eka haikuwa kitu.

Baba yako, kama alizaliwa karibu na mwaka 1970, alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei vyama vingi viliporudi 1992. Kura yake ya kwanza ya maana ni 1995, wakati Dk. Salmin Amour wa CCM alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Alikuwa na kama miaka 30 tarehe 27 Januari 2001 risasi zilipopigwa Wete, Micheweni na Chake Chake, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Kenya. Nyuma yake ana wazee wake waliomsimulia miaka ya bakora na ya foleni za chakula. Kwake yeye chama ni orodha ya majina ya waliokufa, waliofungwa, waliokimbilia Shimoni, Kenya. Mtoto akivaa rangi ya upande wa pili, baba anaona amekanyaga makaburi.

Mdogo wako alizaliwa 1999. Mwaka 2001 alikuwa mtoto wa kubebwa. Fahamu zake zinaanzia kwenye Maridhiano: Rais Amani Karume na Maalim Seif wamekutana Novemba 2009, kura ya maoni ya 31 Julai 2010 imepita kwa asilimia 66.4, Serikali ya Umoja wa Kitaifa imeundwa. Akiwa na miaka 16 aliona uchaguzi wa Oktoba 2015 ukifutwa na kurudiwa Machi 2016, na CUF imesusa. Alipiga kura mara ya kwanza 2020, na Desemba mwaka uleule akamuona Maalim akiapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kijana huyu amejifunza kwamba wakubwa hupigana mchana na kukaa meza moja jioni, na kwamba anayebaki barazani bila kazi ni yeye. Usiharakishe kusema "kanunuliwa". Huenda anatafuta ajira, na huko si kosa la kumtoa mtu nyumbani. Huenda pia ameziona barabara na skuli zilizojengwa miaka hii akaridhika kwa dhati. Muulize lipi, na umsikilize, kwa sababu shangazi atakapozungumza na baba lazima ajue anamtetea mtu wa namna gani.

Hesabu hii itakuonyesha jambo ambalo wengi hawalioni. Baba yako hana tatizo na kuhama chama. Yeye mwenyewe amehama! Tarehe 18 Machi 2019, siku Mahakama Kuu ilipomthibitisha Profesa Lipumba katika uenyekiti wa CUF, Maalim alitangaza kwenda ACT-Wazalendo, na kauli ikawa ni kushusha tanga na kupandisha tanga, safari iendelee. Bendera zikateremshwa nyumba kwa nyumba, matawi yakapakwa rangi mpya kwa siku chache. Mtambwe nzima ilihama, na kwa hiyo hakuna aliyejiona amehama. Ni jahazi lilelile, abiria walewale, tanga jipya. Alichokifanya mdogo wako ni kuruka kutoka jahazini peke yake na kuogelea kwenda chombo kingine. Ndiyo maana ukimwambia baba "na wewe si ulihama?" atakasirika zaidi, na kwa mizani yake ana haki. Hoja hiyo iache kabisa, hata kama kwenye kundi la WhatsApp inaonekana tamu.

Na ndiyo maana kazi ya kupatanisha si kumfanya baba aikubali CCM, wala kumrudisha kijana ACT. Ni kumthibitishia baba kwamba mwanawe, hata akiogelea kwingine kisiasa, katika mambo ya ukoo hajaondoka jahazini. Hilo linathibitishwa kwa vitendo vinavyoonekana, tena vidogo.

Nani azungumze na nani? Kwa baba, shangazi. Dada wa mtu ana ruhusa ya kumwambia ukweli nduguye bila kuonekana amemvunjia heshima, na yeye pia ana machozi ya 2001, hawezi kuambiwa hajui. Aende peke yake, baada ya isha, baba akiwa ameshakula. Aanze na habari za afya na karafuu, asikurupukie. Mazungumzo ya kwanza yawe na ombi moja tu: waende wakamuone Kadhi kwa ajili ya mama. Asimtaje kijana kabisa. Ombi la pili, kuitikia salamu, lije siku tatu au nne baadaye. Hapo hadithi ya kutomhama ndugu zaidi ya siku tatu ina mahali pake, kwa sababu hairuhusu mwanya wa chama.

Kwa kijana, mjomba. Ndugu wa mama huzungumza na mpwawe kama rafiki. Ila angalia: mjomba huyo ni mtoto wa babu wa Donge. Akiwa naye ni CCM wa kujitokeza, atatia sumu, hata akiwa na nia njema. Katika hali hiyo tafuta ami, mdogo wake baba. Babu mwenyewe asimamishwe mara moja. Simu zake za pongezi ndizo zinazomfanya baba aamini kwamba ukweni kwake kumemwibia mtoto, na mgogoro wa baba na mwana umeshageuka kuwa wa Donge na Mtambwe. Mama ndiye wa kumwambia baba yake, na maneno yatosha haya: "Baba, ukimpenda mjukuu wako, usimpongeze mpaka Novemba."

Usimhusishe sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu. Najua ndiye mtu wa kwanza watu wanaomkimbilia kwa ugomvi wa mtaa, lakini sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kwa mtu wa upinzani yeye ni serikali iliyoingia ukumbini. Usimhusishe diwani wala katibu wa tawi la upande wowote. Imamu, ndiyo, ikiwa hapandi majukwaani. Kipimo chepesi: watazame watu wanaokaa naye baada ya alasiri. Wakiwa wa rangi moja tupu, tafuta mwingine.

Kosa kubwa linalofanywa ni kuitisha kikao cha familia nzima mapema. Kila mtu anakuja na lake, shemeji anaongeza, mtoto wa shangazi anarikodi sauti, na maneno yaliyokuwa ya watu watatu yanafika Wete kabla ya magharibi. Kikao kiwe cha mwisho, baada ya wawili hao kuwa wameshazungumza, na kiwe kifupi. Kazi yake ni kutamka ahadi za nyumba na kusoma Fatiha. Kitu kilichofungwa kwa Fatiha mbele ya wakubwa kina uzito katika nyumba zetu kuliko karatasi iliyotiwa saini.

Ahadi zenyewe ziwe chache na za kuonekana kwa macho. Mavazi ya chama hayaingii ndani, ya rangi yoyote, pamoja na kofia ya zambarau ya baba. Akikataa kuivua mlangoni, mdogo wako asibishane naye, nyumba ni ya baba. Lakini shangazi alitaje mara moja, ili kijana aone kuwa limetajwa kwa pande zote. Bendera iliyo mlingotini nje ibaki, maana ukigusa bendera ya mzee huyu umefunga mazungumzo yote. Kundi la WhatsApp lifungwe kwa siasa mpaka wiki mbili baada ya matokeo, na wewe uwe msimamizi pekee. Linabaki kwa habari za wagonjwa, misiba, arusi na salamu za Ijumaa. Picha ya mgombea, sauti ya mkutano au kikatuni kikitumwa, unakifuta bila maneno, hata kikitumwa na baba. Mdogo wako mrudishe kundini siku ya habari isiyo na ubishi, kwa mfano kuna mgonjwa wa kutembelewa, kisha usitangaze kwamba umemrudisha.

Majina yapigwe marufuku kwa kutajwa moja moja, kwa sababu mtu akiambiwa "tusitukanane" hujiona hakutukana. Hizbu, msaliti, kanunuliwa, bendera fuata upepo, mtumwa wa Bara, mzee wa zamani. Yataje kikaoni kwa sauti. Wataona haya kidogo, nayo haya hiyo inasaidia.

Na kuna mambo ambayo chama hakigusi katu: kuzika, kuuguza, kuchuma karafuu za shamba la familia, na ndoa. Karafuu nimeziweka makusudi. Msimu unahitaji mikono, na kijana akipanda mkarafuu wa baba yake bila kuambiwa, kisha akakaa usiku kuchambua na wenzake, atakuwa amesema jambo ambalo hakuna hotuba itakayolisema. Aende alfajiri, na asipige picha ya kujionyesha.

Mkumbushe pia kila mtu wa nyumba kwamba kura ni ya siri na kwamba si moja. Mzanzibari anapiga kura tano: Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani chini ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, kisha Rais wa Jamhuri ya Muungano na mbunge chini ya Tume Huru ya Taifa. Hakuna sheria inayotaka zote tano ziwe za chama kimoja. Kwa hiyo hata mdogo wako mwenye fulana hakuna ajuaye atakachotia sandukuni. Baba akimtaka aonyeshe, au rafiki zake wa chama wakimtaka apige picha ya karatasi kuthibitisha, ajibu wote kwa jibu moja: "Hiyo ni siri yangu na Mungu wangu." Wala asianze kuwaahidi. Na wewe na mama mna haki hiyohiyo. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu baada ya uchaguzi wa 2015 TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, ilitoa taarifa za wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Mwanamke asimtajie mumewe aliyempigia kwa kutishwa, wala asidanganye. Anyamaze. Kunyamaza kunatosha kisheria na kidini.

Kwa Chake Chake jambo hili lina historia yake. Januari 1961 kiti cha hapo kilipatikana kwa tofauti ya kura moja, na matokeo ya Zanzibar nzima yakawa ASP 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Tangu hapo kila nyumba inajiona imebeba nchi, na kila mtoto anahesabiwa kama kura kabla ya kuhesabiwa kama mtoto. Baba yako amelelewa na watu walioiona kura ile moja. Ukilijua hilo utamvumilia zaidi.

Ndoa sasa. Kisheria ya dini kijana hahitaji walii, walii ni wa mwanamke, kwa hiyo baba akikataa nikaha inasihi. Lakini usiseme hivyo nyumbani, maana hoja ya "hatukuhitaji" itamweka baba nje ya mlango kwa miaka. Wiki ya tatu ya Oktoba ni mbaya, kura ni Jumatano ya tarehe 29. Magari yatakuwa kwenye mikutano, vipaza sauti mitaani, na wageni wa pande mbili watakuja na rangi zao. Ushauri wangu ni kuigawa shughuli. Nikaha ibaki Oktoba kama mlivyoahidiana na ukweni, msikitini, baada ya alasiri, kahawa na halua, watu 30 au 40, nusu saa imekwisha. Baba anayesita kusimamia arusi ya siku mbili anaweza kukaa nusu saa msikitini, ambako hakuna anayevaa chama. Walima, yaani karamu ya ndoa, na mambo ya akina mama yasogezwe mpaka katikati ya Novemba au baadaye. Nendeni mkazungumze na wakwe mapema, kabla hawajalipia maturubai na mpishi. Na sababu muwaambie ni msongamano wa uchaguzi, ambayo ni kweli tupu.

Zile siku zenyewe za kura mzipange kama mnavyopanga siku za mvua kubwa. Kijana alale nyumbani kuanzia tarehe 27, ikiwa Kadhi ameshalimaliza lile la talaka na nguo imebaki kwa rafiki yake. Nunueni mapema mchele kilo 10, unga, mafuta, chumvi na mkaa: kwa watu sita hiyo inapita siku nne bila mtu kutoka. Dawa za baba au mama, kama wana presha au sukari, zitimie wiki mbili. Kila mtu aende kituoni kwake kwa wakati wake, baba na mwana wasiongozane wala wasivizane mlangoni. Wakishapiga wote warudi nyumbani. Kura ya mapema ya tarehe 28 haiwahusu, labda kama mmoja wenu anafanya kazi ya uchaguzi au yuko kwenye vikosi.

Usiku wa matokeo ndio wenye hatari kuliko siku ya kura. Anayeshinda huenda kuimba, na anayeshindwa husikia kila ngoma kama inapigwa mlangoni kwake. Mdogo wako, chama chake kikishinda, asitoke na msafara wowote utakaopita mtaani kwenu. Asiweke picha, asiitikie pongezi za babu mbele ya watu. Chama cha baba kikishinda, baba asimwambie mwanawe "nilikwambia". Hilo shangazi amuombe mapema, tangu Septemba, wakati ushindi bado ni dua. Televisheni iwashwe sebuleni kwa tangazo rasmi la Tume peke yake, kisha izimwe. Na matangazo ya kuzungushwa kwa simu kabla ya Tume kusema, msiyasome kwa sauti.

Wanaosoma hapa kutoka Makunduchi, Donge au Kwahani wenye hali ya kinyume, baba ni CCM wa asili na binti amejiunga na ACT-Wazalendo, hesabu ya miaka ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenu woga mkubwa wa mzee ni kuonekana ameshindwa kulea, na huenda anaogopa pia cheo chake mtaani au kazi ya mtoto mwingine serikalini. Woga huo uzungumzwe kwa jina lake. Usiposemwa utajificha ndani ya ubishi wa Mapinduzi, na huko hakuna atakayeshinda.

Dada yangu, kwa wiki hii fanya matatu tu: mpigie mdogo wako leo kuhusu nguo, kaa na mama faraghani umuulize lile la talaka zilizotangulia, na kesho baada ya magharibi mwendee shangazi na karatasi yako ya miaka. Baba akishatoka kwa Kadhi niandikie alichoambiwa, neno kwa neno, kisha nitakwambia salamu ya kwanza ipelekwe vipi.